Saa za Kalamu

Marubani ndio waliompa jina la Bi Rula, na si kwa mapenzi. Hakuna aliyewahi kumwona akisoma daftari la mtu bila kuweka rula ya chuma chini ya mstari, akiishusha polepole, mstari baada ya mstari, mpaka mwenye daftari aanze kutokwa na jasho. Alikuwa mpelelezi wa mamlaka ya usafiri wa anga kwa miaka ishirini na sita. Katika muda huo rula ile ilikuwa imewaondoa watu tisa kwenye urubani. Alhamisi hiyo alikuja chuoni kumtafuta wa kumi, na ilipotimia saa nne asubuhi alikuwa na hakika ameshampata.

Mbele yake, juu ya meza ya mkuu wa chuo, kulikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la rubani, mwalimu wa kike wa miaka thelathini na moja aliyeomba leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu mtu kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria. Leseni hiyo inadai saa elfu moja na mia tano za kuruka. Binti alikuwa na elfu moja mia tano na saba, na shirika moja la ndege lilikuwa limemwekea nafasi: aripoti Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Daftari la pili lilikuwa la ndege yenyewe, kijindege cheupe cha viti vinne ambacho chuoni kiliitwa Bibi Harusi, kwa sababu kila siku watu walikaa kukisubiri kitoke ndani.

"Soma hapa," Bi Rula alimwambia mkuu wa chuo. "Mwezi wa tatu, kuanzia tarehe mbili. Ndege imetimiza saa mia tangu ukaguzi uliopita. Imefungwa, inasubiri vipuri. Imekaa karakanani wiki tatu. Mita yake ya saa haikusogea hata nukta moja."

"Ndiyo. Fundi mkuu ametia saini."

"Sasa soma hapa kwa binti. Wiki tatu hizo hizo, ndege hiyo hiyo, safari kumi na tisa, zote za alfajiri. Saa arobaini na moja na dakika kumi na tatu."

Mkuu wa chuo alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa kujipenda, na mtu wa namna hiyo huwa mwepesi sana kushangaa.

"Mimi huwa naingia saa tatu," alisema. "Mambo ya alfajiri siyajui. Lakini kama ni saa za kalamu, mama, mimi simo."

Saa za kalamu ndilo jina ambalo marubani huliita kosa lile. Mtu anakaa mezani, anakunywa chai yake, anajiandikia angani. Ukitoa zile arobaini na moja, binti alibaki na elfu moja mia nne sitini na sita, na Jumatatu yake ikawa imekwenda na maji.

"Yuko wapi?"

"Darasani. Anafundisha."

Bi Rula angeweza kusubiri kipindi kiishe. Hakusubiri.

Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamekaa. Mwalimu wao alikuwa akichora mishale ya upepo ubaoni, shati jeupe limepigwa pasi, mabegani ana alama zenye mistari mitatu ya dhahabu. Alipomwona mgeni aliweka chaki chini.

"Shikamoo, mama."

Bi Rula hakuitikia. "Vua hizo za mabegani."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Umezivaa mbele ya watu, utazivua mbele ya watu."

Kifungo cha bega la kushoto kilikataa. Vidole vya binti vilihangaika nacho huku darasa zima likitazama sakafu. Mwanafunzi mmoja alicheka kwa woga, kisha akatamani ardhi ipasuke immeze. Nje, ng'ambo ya uwanja, mtu mmoja mwenye ovaroli la grisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana na spana mkononi, anaona yote kupitia dirishani. Alikuwa fundi mkuu wa ndege, na pia mjomba wa yule binti, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alitazama mpaka alama ya pili ilipotoka ikaingia mkobani mwa Bi Rula. Halafu akageuka akarudi ndani.

Mahojiano yalifanyika katika chumba cha ramani, meza moja, viti viwili.

"Alfajiri ya tarehe nne ulikuwa wapi?"

"Angani."

"Kwa ndege gani?"

"Imeandikwa hapo."

"Ndege hiyo ilikuwa imefungwa. Daftari lake linasema haikutoka."

Binti aligeuza uso kwenye ramani ukutani.

"Nani alikufungulia karakana?"

"Niliruka, mama. Saa hizo ni zangu."

"Sikukuuliza hilo. Nimeuliza nani alifungua karakana."

Binti aliangalia mabega yake, pale shati lilipokuwa na mikunjo ya alama zilizotoka. Uso wake ulikuwa umewiva kwa aibu, lakini sauti haikutetemeka. "Niandike mghushi basi. Tumalize."

Hapo ndipo Bi Rula alipopaswa kusimama. Wale tisa waliomtangulia walilia, walimwita Mungu, walimwita wakili, mmoja alizimia kabisa. Hakuna aliyeomba aandikwe. Jambo hilo alilisikia vizuri, akalipita kama mtu anayepita mlango wa jirani asiyeelewana naye. Alitoka nje, akampigia simu mkuu wa marubani wa lile shirika la ndege, akamwambia maneno machache: huyu ni mghushi, msimsubiri.

Kilichobaki kilikuwa ni kufunga mafaili. Alianzia bohari ya mafuta, kwa sababu ndege ambayo haikuruka haiwezi kunywa.

Mtunza mafuta alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu na maneno mengi. Alifungua kitabu chake bila kuombwa mara mbili. Bi Rula alishusha rula, akaganda. Katika wiki zile tatu Bibi Harusi alikuwa amejazwa mafuta mara kumi na tisa. Jumla ilikuwa lita elfu moja mia nne na arobaini.

"Mafuta haya yalikwenda wapi?"

"Kwenye ndege, bibie. Ulitaka niyatie kwenye chai?"

"Ndege ilikuwa imefungwa."

"Hilo mimi nitalijuaje? Naingia saa tatu, naikuta imekaa, tenki limepungua, najaza, naandika. Sijawahi kuiuliza ndege kama ina ruhusa."

"Uliwahi kuiona ikiruka?"

"Saa tatu naingia, nimeshakwambia. Kwani wewe unalipwa kwa kurudia maswali?"

Bi Rula alikaribia kutabasamu. Sasa kisa kilikuwa kimenona. Kumbe hapakuwa na udanganyifu tu, palikuwa na wizi: mtu ananyonya mafuta kwenye tenki alfajiri, anayauza, na safari za uongo zinaandikwa ili zifunike. Alikuwa ameshaanza kuyapanga mashtaka kichwani. Uthibitisho mmoja tu ulibaki, na ulikuwa juu ya mnara wa kuongozea ndege, ngazi mia moja na nne, na magoti yake yalizihesabu zote.

Mwongoza ndege alikuwa kijana mpole mwenye macho mekundu ya zamu.

"Yule dada wa alfajiri?" alisema. "Namjua sauti. Mwezi wa tatu karibu kila siku ndiye aliyenifungulia kazi."

"Ulimwona akiruka?"

"Nimwone mara ngapi, mama?" Alivuta sanduku la kadi. Kila ndege inayoondoka huandikiwa kadi yake: saa ya kuruka, saa ya kutua, idadi ya watu waliomo. Alizipanga mezani kumi na tisa. "Hii ya tarehe kumi na moja siisahau. Upepo ulimtupa pembeni akiwa anatua. Akapanda tena, akazunguka, akarudi, akatua kama anaweka yai. Nilimpigia makofi humu ndani peke yangu."

Bi Rula aliweka rula chini ya kadi ya kwanza, kisha chini ya mstari wa kwanza wa daftari la binti. Zililingana. Ya pili ililingana. Ya tisa, ya kumi na tano. Tofauti zilikuwa dakika tatu au nne tu, ule muda wa kutambaa kutoka karakana hadi njia ya kurukia. Hapakuwa na saa hata moja ya kalamu.

Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Aliona aibu, aibu ile ya utotoni inayochoma masikio. Salamu ya binti ilikuwa bado iko pale pale darasani, haijaitikiwa.

"Mama, nikuletee maji?"

"Niletee mwanga."

Kwa maana kazi haikuwa imekwisha, ilikuwa imegeuka. Kama ndege iliruka, mbona mita yake ililala? Alifungua daftari la binti kurasa za nyuma, mwaka mzima wa nyuma, akatazama dakika peke yake. Chuoni pale kila mtu alinakili muda kutoka kwenye mita, na mita ile huhesabu saa kwa mafungu kumi, kila fungu dakika sita. Ndiyo maana kila safari yake iliishia na kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, thelathini na sita. Ilikuwa hivyo mwaka mzima. Lakini zile kumi na tisa ziliandikwa saa mbili na dakika saba, saa moja na hamsini na tisa, saa mbili na kumi na moja. Huyu aliruka akitazama saa ya mkononi. Mita ilikuwa imekufa, na yeye alijua kuwa imekufa.

Mghushi angeandika ndege nyingine na kuepuka balaa lote. Lakini rubani aliyefundishwa vizuri ana ugonjwa wake: dakika aliyoiruka lazima aiandike, siku ile ile, ndege ile ile, hata kama mwandiko huo ndio utakaomfunga.

Bi Rula alikuwa anakusanya kadi aliposimama kwenye ile ya mwisho. Kumi na nane za kwanza zilikuwa na mtu mmoja ndani. Ya kumi na tisa ilikuwa na wawili.

"Huyu wa pili ni nani?"

"Abiria, mtoto," kijana alisema, akacheka kidogo. "Redio ilikuwa wazi, nikamsikia anapiga kelele: Naiona nyumba yetu!"

Karakanani kulikuwa na harufu ya mafuta na chuma cha moto. Bibi Harusi alikuwa amefunuliwa pua. Binti alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, mikono katikati ya magoti, na Bi Rula alipopita alimtolea zile alama mbili za mabegani.

"Marahaba," Bi Rula alisema. "Nimechelewa kuitikia. Na hizi ni zako. Nilikosea."

Binti hakunyoosha mkono. "Usinirudishie, mama. Hujamaliza kuuliza."

Ndani, fundi mkuu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho chenyewe kilihitaji kufutwa.

"Karibu, mama."

"Mita ya ndege hii imewahi kuharibika?"

"Haijawahi hata kukohoa."

"Basi hizi safari kumi na tisa ziliruka bila kuhesabiwa." Alizipanga kadi juu ya meza ya kazi.

Fundi alizitupia jicho. "Waya unaweza kulegea."

"Ulegee siku ndege ilipofungwa, ujikaze wenyewe siku ya ukaguzi?"

"Vyuma vina mambo yake."

"Watu ndio wenye mambo. Nilimvua mwanao alama mbele ya wanafunzi wake, nawe umesimama mlangoni hapo. Mimi sikujua. Wewe ulijua."

Kitambaa kilisimama. "Yeye ndiye aliyesema ninyamaze."

"Na wewe ukaona ni ushauri mzuri."

Fundi alikaa juu ya pipa la mafuta. Alizungumza akiitazama ndege, si mtu. Vipuri vilikuwa vimechelewa. Bila Bibi Harusi binti asingefikisha saa zake kabla ya shirika kufunga nafasi, na alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka minne. "Saa mia ni namba tu, mama. Ndege hii naijua kama kiganja changu. Ilikuwa nzima."

"Lile bomba ni la nini?" Kwenye rafu ya chini, chini ya gunia, ilionekana ncha ya chuma.

"Chakavu."

Bi Rula aliinama, akalivuta mwenyewe. Lilikuwa bomba la moshi la injini. Aliligeuza kwenye mwanga, akaweka rula juu yake. Ufa ulikuwa na urefu wa sentimita sita.

"Hili ulilitoa siku ya ukaguzi. Baada ya zile safari."

"Ndiyo."

"Ufa kama huu unaingiza moshi wapi?"

Alijibu kwa sauti ya chini sana. "Ndani. Kwa rubani."

"Na rubani anahisi nini?"

"Usingizi. Basi, haamki."

Binti alikuwa ameingia bila wao kusikia. "Mjomba? Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umeshatua." Alikitupa kile kitambaa. "Nilisema Mungu ametusitiri, yamekwisha. Ulikuwa ni wewe peke yako mle, na ulitua."

Bi Rula alichukua kadi ya kumi na tisa, akamwekea gotini. Hakuifurahia kazi hiyo. Kuna siku upelelezi ni kazi chafu kuliko kuzibua choo, na hii ilikuwa mojawapo.

Fundi alisoma. "Wawili?" Aliinua macho kwa binti. "Wawili, na nani?"

"Na Kitinda, mjomba."

Kitinda alikuwa mwanawe wa mwisho, msichana wa miaka tisa.

"Alinibembeleza mwaka mzima," binti alisema, na sasa ndipo machozi yalipotoka. "Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Wewe uliniambia ndege ni nzima."

"Uliniambia atakusubiri nje, ukitua mwende kununua viatu."

"Nilikudanganya."

Mzee alitaka kukasirika, ikaonekana usoni kwamba anaitafuta hasira na haipati mahali pa kuiweka. Aliliangalia bomba mkononi mwa mpelelezi, akafunika uso kwa ile mikono ya grisi.

Bi Rula alikuwa na deni lake la maneno, akaanza kulilipa hapo hapo: alimpigia tena mkuu wa marubani. Simu yake haikusikika vizuri sikioni, hivyo aliiweka kwenye spika, juu ya meza.

"Asubuhi nilikwambia yule binti ni mghushi," alisema. "Nilikosea mimi. Saa zake zote aliziruka."

"Zote elfu moja mia tano na saba?" mkuu wa marubani aliuliza.

"Zote. Nimezilinganisha na kadi za mnara."

"Afadhali! Tulishaanza kusikitika. Basi aje Jumatatu kama tulivyopanga."

Bi Rula alijua sheria: saa ni saa, na mengine yangekwenda kwenye ripoti. Alinyoosha mkono kukata simu.

"Mwambie na mengine," binti alisema.

"Yatakuwa kwenye ripoti yangu."

"Ripoti yako itachukua mwezi. Nitakuwa nimeshakaa kwenye kile kiti, nyuma yangu watu mia moja." Aliichukua simu mwenyewe. "Mkuu, ni mimi. Ndege ilikuwa imefungwa, na nilijua. Mita ilikuwa imechomolewa waya, na nilijua, ndiyo maana nilihesabu kwa saa ya mkononi. Safari ya mwisho nilipakia mtoto. Baadaye bomba la moshi likakutwa na ufa. Hilo la ufa nimelijua leo. Hayo mengine yote nilijua."

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Nani alichomoa waya?"

Binti alifunga mdomo, vile vile alivyoufunga katika chumba cha ramani.

"Nimekuuliza, nani aliuchomoa?"

"Niandike mimi, mkuu."

Fundi alinyanyuka kwenye pipa. Alitembea hatua nne zilizowatenganisha kama mtu anayevuka mto, akasimama mbele ya mpwa wake.

"Nipe simu, mwanangu."

Binti aliishika kwa nguvu zaidi. Ikabidi mzee amfungue vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, mpaka simu ikatoka. Alitaja kwanza namba ya leseni yake ya ufundi, yote, tarakimu kwa tarakimu, kama afanyavyo fundi anapotia saini kazi aliyoimaliza.

"Mimi ndiye niliyechomoa waya," alisema. "Na leo tangu asubuhi nimemwacha binti yangu aitwe mwongo."